Mlango wa Mfereji

Dancille hakuwa na desturi ya kuomba njia. Alipofika na beseni lake la sambaza, visamaki vidogo vya ziwani, kichwani kwenye geti la Amazi Meza, mlinzi alisogea mwenyewe, na vibarua wakaweka chini sepeo zao kabla hajawafikia, kwa maana saa ya chakula ilikuwa imewadia na hapakuwa na mtu aliyekaanga sambaza kama yeye kuanzia Rubona mpaka mjini Gisenyi. Alikuwa na miaka ishirini na sita, mrefu, mwenye mwendo wa mtu anayejua anakokwenda. Alijua kwamba anatazamwa. Alijua pia ni macho ya nani hasa yaliyokuwa yakimfuata, na kwa hayo peke yake moyo wake ulikuwa ukienda mbio.

Macho hayo yalikuwa ya Sano. Alisimama ukingoni mwa mfereji, buti zimejaa udongo, ramani imekunjwa kwapani. Alikulia Karagwe, upande wa Tanzania, akarudi na shangazi yake baada ya miaka mingi, na sasa, mwaka huo wa 1999, ndiye aliyekuwa msimamizi wa kazi ambayo Gisenyi nzima ilikuwa ikiizungumzia. Tajiri mmoja, Mzee Kimenyi, alikuwa akijenga Amazi Meza, yaani Maji Mazuri, mtaa wa nyumba za kifahari kando ya ziwa Kivu, na alitaka maji yaende mpaka mlangoni kwa kila mwenye nyumba. Basi mfereji mkubwa ulichimbwa kutoka ziwani, ukagawanyika mikono mitatu katikati ya viwanja. Kingo zilijengwa kwa mawe meusi ya volkano, na kila kiwanja kikapewa ngazi zake za kushukia majini. Ijumaa ile maji yalikuwa yameingia kwa mara ya kwanza. Yalilala kimya kati ya kuta zile, ya kijani kibichi, na hata vibarua waliokuwa wameyachimbia njia kwa miezi minane waliyashangaa.

Dancille hakuyashangaa. Alitua beseni, akatazama pale mfereji ulipokutana na ziwa, akakunja uso.

"Chef," alisema. Mbele za watu alimwita msimamizi huyo Chef, yaani mkuu. Wakiwa wawili alimwita Sano, na wakati mwingine hakumwita kitu, alimtazama tu. "Nani aliweka mulango ya maji hapa?"

Sano alicheka. "Salamu kwanza, Dancille."

"Jambo. Nani aliweka mulango hapa?"

"Ramani ndiyo iliyouweka."

"Ramani haijue Sebeya. Mvua ikinyesha kule juu, ile mto inashusha udongo mwekundu, na ile udongo inapita hapa hapa, karibu na ukingo. Mi naiona kila mwaka. Siku moja tu ya mvua kubwa, hii mulango yenu itafunga. Maji haitatoka, haitaingia, itaoza. Watu watajenga nyumba muzuri, halafu watafunga madirisha juu ya harufu."

Vibarua walisogea kusikiliza. Karibu na Sano alikuwepo mhandisi kutoka Kigali, bwana mfupi mwenye miwani, aliyekuja kukagua kazi. Alimgeukia Dancille taratibu.

"Bon," alisema. "Na wewe ungeuweka wapi?"

Swali lilikuwa jepesi na jibu alikuwa nalo. Macho yake yalikwenda yenyewe upande wa pili, ng'ambo ya yale mawe makubwa meusi yaliyoingia ziwani kama kiwiko cha mkono. Nyuma ya mawe yale matope ya mto hayakufika. Maji yalikuwa safi mwaka mzima. Na pale, juu ya mchanga, ilikuwa imelala mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu, chombo cha baba yake, Gakwaya, na vyombo vya wavuvi wenzake wanne. Baba yake alivua kutoka ufuko ule, na babu yake vilevile. Kunyoosha kidole pale kulikuwa ni kuwaletea katapila.

Dancille alinyamaza.

"Unaona," mhandisi alisema akitabasamu. "Sano, huyu ni nani?"

Sano alikuwa amebadilika rangi. Hakumtazama Dancille. "Ni muuza samaki," alisema. Kisha, kwa sauti ambayo Dancille hakuwahi kuisikia kinywani mwake, akaongeza, "Dada, wewe uza samaki wako. Mambo ya maji tuachie sisi wenye kazi."

Mtu mmoja alicheka, kisha akajuta. Dancille aliinama, akalifunika beseni lake kwa kitambaa, akalipandisha kichwani.

"Leo haziuzwe," alisema, akaondoka na chakula chao.

Sano alimkimbilia, akamfikia barabarani akihema.

"Dancille, subiri. Nisikilize."

"Mbele ya watu mi ni muuza samaki. Nyuma ya watu mi ni nani?"

"Unajua wewe ni nani kwangu."

"Mi najua. Yule bwana wa miwani ndiye hajue, na we ulipata nafasi ya kumwambia."

"Siwezi kukueleza hapa. Jumapili shangazi yangu anakuja kwenu, na mimi nitakuwepo. Nitakueleza."

"Shangazi yako anakuja kuomba muuza samaki?"

"Anakuja kumwomba mke wangu."

Alilisema neno hilo taratibu, kana kwamba analiweka mezani. Dancille alimtazama mikono, ile mikono mikubwa iliyowahi kushika mkono wake kanisani wakati wa kupeana amani na kusahau kuuachia. Akajikaza.

"Basi uje unieleze mbele yake," alisema. "Na mbele ya papa yangu."

Alirudi nyumbani kwa miguu kando ya ziwa. Njiani alilia kidogo, akanawa uso, ikaisha. Hakuwa na shaka kwamba Sano anampenda. Alichotaka kujua ni kama anampenda mchana, watu wakiwepo.

*

Jumamosi alasiri mvua ilinyesha milimani mpaka Sebeya ikaunguruma. Jumapili, baada ya misa, jua lilitoka, na shangazi yake Sano, Mama Mukagasana, akafika kutoka Rugerero amevaa mushanana ya zambarau, lile vazi la heshima la kufungwa begani, nyuma yake vijana wawili wamebeba kreti za bia na fanta. Alikuja kushika irembo, kama wasemavyo kwao: kuomba mlango wa nyumba ufunguliwe kwa ajili ya posa.

Sano hakuwa naye.

Mama Mukagasana alimlea Sano tangu akiwa mtoto wa miaka minne. Alikuwa na duka, alikuwa na heshima zake, na ilijulikana kwamba alikuwa amemwekea Sano binti wa rafiki yake, msichana aitwaye Robinah aliyesoma Kampala. Alikaa kwenye kiti cha mbao cha Gakwaya mgongo umenyooka, akawasalimu wenyeji kwa Kinyarwanda kizuri cha wageni waheshimiwa. Gakwaya alimjibu kwa Kiswahili cha ufukoni, kile cha kuuzia samaki. Mama yake Dancille aliinamisha kichwa. Dancille, aliyekuwa kwenye mlango wa chumba cha ndani amevaa nguo yake mpya, alielewa: baba yake alikuwa amekwisha kukataa, alikuwa anatafuta tu maneno.

"Mama, karibu sana," Gakwaya alisema. "Naona bia. Naona fanta. Bwana harusi sioni."

"Mzee wangu, naomba radhi," Mama Mukagasana alijibu. "Tangu alfajiri yuko kule kwenye mfereji. Matope yameziba. Alinituma nitangulie."

"Mutu anatafuta bibi, halafu siku ya kumwomba anabaki na matope."

"Hakubaki kwa kupenda."

"Mama, mi nitakuambia bila kuzunguka. Hii kazi ya kuchimba, inaisha hapa, inaenda kwingine. Leo Gisenyi, kesho Kibuye, kesho kutwa sijue wapi. Mi nina binti mumoja. Sikumulea juu ya kumupandisha kwenye kamio ya mizigo pamoja na sepeo."

"Na mimi," Mama Mukagasana alisema, sasa naye sauti imepanda, "sikumlea mwanangu ili aje adharauliwe na watu aliowaletea heshima. Wako mabinti wanaomtaka."

"Basi awachukue."

Mama yake Dancille alitazama kreti, asijue kama ni za kupokea au za kurudisha. Hapo ndipo Dancille alipotoka chumbani, akapita katikati ya wazee wote wawili, akavaa kandambili zake mlangoni.

"Unaenda wapi?" Gakwaya aliuliza.

"Kwenye mfereji, papa."

"Binti anaombwa, na yeye anatoka nyumbani?"

"Mwenye kuniomba alitoka kwanza. Mi namufuata. Ijumaa alisema neno mubaya mbele ya watu, na alisema atanieleza leo. Leo haijaisha."

Alikuwa ameshafika barabarani aliposikia hatua nyuma yake. Mama Mukagasana alikuwa anakuja, mushanana ameikamata kwa mkono mmoja. "Usinitazame hivyo," alisema. "Siwezi kubaki pale na kreti zangu kama niliyekuja kufanya biashara." Na nyuma yake, mbali kidogo, mikono mgongoni, Gakwaya naye alikuwa anakuja.

*

Harufu iliwapokea kabla ya geti. Maji ya kijani ya juzi yalikuwa mekundu na mazito, yamesimama. Pale mfereji ulipokutana na ziwa palikuwa na tuta la udongo laini kutoka ukuta mpaka ukuta, na ndani ya tuta hilo, matope yamemfika kiunoni, Sano alikuwa akichota karai baada ya karai pamoja na vibarua kama kumi. Tope walilolitoa lilikuwa linateleza na kurudi.

Alipomwona Dancille aliacha karai. Alipowaona wanaomfuata, shangazi yake ameshika viatu mkononi na mzee Gakwaya amesimama pembeni na uso wa jiwe, alipanda ukingoni vilevile alivyokuwa, akichuruzika.

"Umekuja kuona ulivyosema kweli," alisema.

"Nilijua nilisema kweli. Nimekuja kusikia we."

Sano aligeuka kwa vibarua. "Wote acheni kazi kidogo. Mlikuwepo Ijumaa. Niliulizwa huyu ni nani, nikasema ni muuza samaki. Nilikosa. Huyu ndiye mwanamke niliyemwomba anioe… nioane naye." Ulimi ulimteleza, na hakuna aliyecheka. "Anaitwa Dancille, binti wa mzee huyu. Na kuhusu maji anajua kuliko mimi. Nisamehe, Dancille. Nasema mbele yao kwa sababu nilikukosea mbele yao."

Dancille hakuwa amemaliza. "Kwa nini ulisema vile? We si mutu wa namna hiyo."

Sano alitazama chini, kisha akamtazama machoni. "Kwa sababu ulikuwa karibu kunifichua mbele ya mhandisi. Ramani ya kwanza iliyotoka Kigali haikuweka mlango hapa. Iliuweka kule." Alinyoosha mkono wake wenye matope, ng'ambo ya mawe meusi. "Kule mitumbwi inakolala. Mwezi wa kwanza wa kazi nilikwenda kupima. Nikakukuta unaanika nyavu na baba yako. Uliniuliza kama nimepotea njia. Nikarudi ofisini nikaandika kwamba mwamba wa pale ni mgumu mno, haupasuki, mlango uletwe upande huu. Haikuwa kweli. Sikutaka kuwa mtu aliyemnyang'anya baba yako ufuko."

Kibarua mmoja alivua kofia bila sababu.

"Yewe," Dancille alisema polepole, kwa mshangao. "Miezi minane ulibeba hii peke yako?"

"Nilidhani ninakulinda."

"Ulinilinda na watu wakachimba bure!" Sauti yake ilikatika, na hakujua kama ni hasira au ni kitu kingine kilichokuwa kikimpanda kifuani, cha moto, kikubwa kuliko hasira. Mtu huyu alikuwa amempenda kabla hajajua jina lake. "Kwa nini hukuuliza? Mi niko na kinywa. Papa iko na kinywa. Ungekuja, ungesema, tungetafuta pamoja. Ukinioa utakuwa unanificha mambo juu ya kunilinda?"

"Hapana. Sitarudia."

"Apa."

"Naapa. Hata likiwa baya, utalisikia kwangu kwanza."

Gakwaya alikohoa. Alikuwa amesogea bila wao kumwona. "Patron yako anajua?"

"Bado, mzee. Anakuja kesho. Nitamwambia yote."

"Na utamwambia mulango iende wapi?"

"Sitamwambia. Ufuko si wangu. Nitamwambia nilidanganya, na anifukuze."

Mzee alimkazia macho. Dancille aliufahamu uso ule. Alijua baba yake alipotaka kusema neno jema hakulipata upesi. Basi akasema yeye.

"Papa, Ijumaa nilinyamaza juu yako. Leo sinyamaze. Mulango muzuri iko kwetu, na we unajua. Yule tajiri akitafuta mutu mwingine wa kupima, ataambiwa vile vile, na yule mwingine hataogopa kutunyang'anya. Tuseme sisi wenyewe, tuseme na namna. Ile upepo ya mwaka jana ilivunja mutumbwi yako pale pale mchangani, si ndiyo? Ulikaa miezi mbili bila kuvua. Mfereji ikipita kwetu, vyombo zote tano zilale ndani, kwenye maji imetulia, hapa mwanzo kabla ya nyumba. Pasipo kulipa. Iandikwe. Isainiwe. Mchanga wa kuanika nyavu usiguswe."

"Nani atamwambia patron hivyo?"

"Mi."

Mama Mukagasana, aliyekuwa akisikiliza na viatu vyake mkononi, alicheka ghafla, kicheko cha mtu aliyeshindwa na kufurahia kushindwa. "Mimi nilimtafutia mwanangu msichana wa Kampala," alisema. "Mzee Gakwaya, kreti zangu zibaki kwako usiku huu. Kama jibu ni hapana, nitazifuata."

"Zitabaki," Gakwaya alisema. Safari hii alisema kwa Kinyarwanda.

*

Mzee Kimenyi alifika Jumatatu saa nne asubuhi na mwavuli wake mrefu, na mhandisi wa miwani nyuma yake. Alisikiliza akiwa amesimama. Sano alimweleza habari ya mwamba bila kupunguza neno wala kumtaja mtu mwingine. Uso wa tajiri ulivimba. Ndipo Dancille aliposogea, akasalimu, na kumwomba achomeke mwavuli wake kwenye tope pale mlangoni mwa mfereji. Kimenyi aliuchomeka. Ulizama mpaka kwenye mpini.

"Hii ni mvua moja," Dancille alisema. "Iko mvua mingi kabla ya Noeli. Wenye kununua nyumba watakuja lini?"

"Kabla ya Pasaka," tajiri alijibu, akihangaika kuuchomoa.

"Basi njoo nikuonyeshe maji haina matope."

Walizunguka mawe meusi. Gakwaya na wavuvi wanne walikuwa wanangoja kando ya mitumbwi yao, wamevaa mashati ya kanisani. Kimenyi aliinama, akatazama maji mpaka akaona kokoto za chini, akamtazama mhandisi. Mhandisi alivua miwani, akakubali kwa kichwa. Dancille alitaja masharti yake moja moja, bila kupandisha sauti wala kushusha kitu. Tajiri alijaribu kuwapa sehemu nyingine mbali. Alijaribu kuwapa mwaka mmoja tu. Kila mara Dancille alimjibu, "Hapana, patron," kwa adabu kabisa, na kungoja. Saa sita karatasi ilikuwa imeandikwa nakala mbili juu ya kitako cha mtumbwi, na Gakwaya ameweka saini yake chini ya ile ya tajiri, herufi kubwa kubwa, pole pole.

Kisha Kimenyi akamgeukia Sano. "Ulinidanganya. Utamaliza mlango huu mpya, kwa kuwa hakuna anayeijua kazi hii kuliko wewe. Ukiisha, tutaagana. Na ile kazi ya Kigali niliyokuahidi, sahau."

"Nimekubali, mzee," Sano alisema.

Gari lilipoondoka alibaki amesimama mchangani, mikono imelegea. Alikuwa na sura ya mtu aliyetua mzigo na bado hajazoea wepesi wake. Mama Mukagasana, aliyekuja tena asubuhi hiyo kwa sababu hakutaka kusimuliwa, alitaka kumwendea. Gakwaya alimtangulia.

"Kazi imeisha," mzee alisema.

"Itaisha baada ya miezi minne, mzee. Halafu sijui."

"Mutu mwenye kujua kupima maji, Rubona hatakosa kazi. Kuna bandari pale, inaanguka kila mwaka, na kila mwaka wanaijenga vibaya." Alijikuna kidevu. "Nilisema we ni mutu wa kuchimba na kuondoka. Sasa naona huondoke hata ukifukuzwa. Nitakunyima mutoto namna gani?" Akamgeukia binti yake. "Lakini si mi ninaolewa. Dancille, we unasema nini?"

Dancille alimtazama Sano. Shati lake lilikuwa na tope la jana, macho mekundu kwa kukosa usingizi, na alikuwa akingoja jibu kama mtu ambaye hajawahi kupewa kitu maishani. Alisubiri kidogo, si kwa kumtesa, bali kwa kuwa alitaka kuikumbuka saa hiyo vizuri: jua la mchana, wavuvi wote wanatazama, shangazi ameshika kitambaa mdomoni.

"Nasema ndiyo," alisema. "Na harusi ifanyike kabla mulango haijaisha, wakati angali na mushahara ya kununua suti."

Wavuvi walipiga makofi na mayowe mpaka vibarua ng'ambo ya mawe wakaitikia bila kujua wanashangilia nini. Dancille alisogea, akamshika Sano mkono mbele ya baba yake, mchana kweupe, vidole ndani ya vidole.

"Twende nyumbani ule," alimwambia. "Umekonda."

Akamwongoza njia ya juu, naye Sano akafuata, na hakuuachia mkono ule mpaka walipofika mlangoni kwa mama yake.